Mikono Isiyo na Mume

Pikapu ilikuwa imeshauacha nyuma mji wa Bahri, ng'ambo ya Khartoum. Majengo yamekwisha, limebaki jangwa upande mmoja, na upande wa pili ule mstari wa kijani unaofuatana na mto, na Ami Babikir alikuwa hajatamka neno tangu watoke kwenye lango la bweni.

Sulafa alikaa kando yake, mikono ameificha ndani ya tobe lake la kijivu, ameikunja tumboni kama mtu mwenye msokoto. Alikuwa ameambiwa bibi yake anakata roho. Mlezi wa bweni ndiye aliyempandia ngazi kumwambia: "Ami yako yuko chini. Bibi yako hali mbaya. Chukua nguo mbili tatu, ukimbie." Akazichukua. Ngazi zote alizishuka analia. Lakini alipomwona ami yake ameegemea gari, macho makavu, mswaki mdomoni, kilio kilimkatika, na pale kilipokuwa kilio pakaingia kitu cha baridi.

"Haboba amepatwa na nini, Ami?"

"Utamwona."

"Anasema?"

"Anasema."

"Anakula?"

"Sulafa. Niache niendeshe."

Huyu Babikir alikuwa mtu wa maneno. Muuza vitunguu gani wa Shendi asiye na maneno? Akishika usukani hutukana malori, husifu vitunguu vyake, humwuliza Sulafa bei ya nyanya mjini kana kwamba wanafunzi wanaishi kwa kununua nyanya. Ndiye aliyemlea, tangu baba yake na mama yake walipokufa kwa ajali moja, kwenye barabara hii hii. Kuna mahali pana jiwe lililopakwa chokaa. Kila wakipita hapo, Ami Babikir hupunguza mwendo, hunyanyua viganja kwenye usukani, huwasomea Fatiha, kisha husema, "Haya, wazee wameshapata chao."

Siku ile aliliona jiwe, akakanyaga mafuta.

Hapo ndipo Sulafa alipoogopa kwelikweli.

Mbele kidogo, mahali pasipo na nyumba wala mbuzi, gari likatolewa barabarani likazimwa. Upepo ukasikika unavyokwaruza bati.

"Toa mikono."

"Nina baridi, Ami."

"Toa mikono, binti."

Akaitoa. Ilikuwa na hina nyeusi, nyeusi ya piko, maua na matawi kutoka ncha za vidole mpaka juu ya vifundo vya mikono. Na kwenye gumba la kushoto, katikati ya matawi, lile kovu aliloachiwa na bamba la kupikia mikate myembamba ya kisra alipokuwa mtoto.

Ami yake aliitazama. Akatoa simu kwenye kanzu, akaifungua picha, akailaza simu juu ya goti la Sulafa. Mikono ile ile, mikubwa kuliko mtu, imechapwa kwenye kitambaa kinachoning'inia ukumbini, watu wanapita chini yake.

"Nani?"

"Nani vipi, Ami?"

"Mumeo. Sitaki kitu kingine sasa hivi. Nataka jina tu, nijue naingia Shendi na jina gani mdomoni."

Kwa watu wa Shendi, msichana akiweka kiua kimoja kiganjani siku ya arusi ya dada yake, hakuna atakayemsemesha. Lakini hina ya kujaza, ya piko, hiyo ni ya bibi arusi na ya mke wa mtu. Mwanamke akifiwa na mume huiacha. Mwanamume akikaa garini karibu na mwanamke asiyemjua hutazama mikono kwanza, na akiiona imejaa, hutazama dirishani. Kwa hiyo picha ile haikuwa na fumbo lolote. Ilikuwa inasema waziwazi: huyu ana mume. Na kwa kuwa Shendi nzima hakuna aliyekula sahani ya arusi yake, basi mume huyo ni wa kificho.

"Sina mume, Ami. Wallahi sina. Ni rangi tu. Ni picha ya maonyesho."

"Rangi."

"Tulipiga picha mikono ya wanawake wenye kazi. Mama wa chai. Mwalimu. Mwanamke anayeendesha bajaji. Kulikuwa na mchora hina, Kaltuma anaitwa, amesomesha watoto watano kwa kuchora maarusi. Mikono yake ndiyo ilikuwa iwe ya katikati. Mumewe akafariki, Ami, akakaa eda, hina kaacha, na kesho yake ndiyo siku ya kuchapa. Kitambaa kikabaki kitupu. Nikajichora mwenyewe. Alishanifundisha."

"Ukajichora mwenyewe."

"Rafiki yangu alinisaidia mkono wa kulia."

"Ukajichora hina ya mke, ukajipiga picha, ukajitundika watu wakutazame. Na nikikuuliza mumeo nani, unaniambia kuna mwanamke kafiwa."

Yalipotoka kinywani mwa ami yake, hata yeye Sulafa aliyasikia yalivyo ya uongo. Na yalikuwa kweli tupu. Ule usiku wa kuchora alikuwa amewaza mwanga utakavyoangukia vidole. Aliwaza mistari. Walikuwa wasichana wanane wa chuo cha sanaa, wamepewa ukumbi wao kwa mara ya kwanza, wanatundika matobe yaliyochapwa picha kamba hadi kamba ili mgeni apite katikati ya nguvu za wanawake kama mtu anayepita uani kwenye nguo zilizoanikwa, na wote wanane walikuwa wamelewa furaha. Hakuna hata mmoja aliyewaza Shendi. Kisha mgeni mmoja akapiga picha kwa simu, akampelekea mwenzake, na jioni yake mikono ilikuwa imeshafika kwenye kundi la wasapu la wanawake wa ukoo, na chini yake shangazi ameandika: *Hili kovu mnalijua au niwaambie?*

"Ami, niapishe. Niapishe kwa msahafu."

"Waongo wote wana kiapo," akasema Babikir, akawasha gari.

*

Haboba hakuwa anakufa. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba uani, anachambua dengu, miwani imemshuka puani.

"Kumbe mzima," Sulafa akasema, akaanza kulia upya.

"Nife kwa ruhusa ya nani? Nani angewapikia hawa?" Akamvuta akae. Kisha akamshika mkono wa kushoto, akalowesha kidole chake ulimini, akalisugua ua moja karibu na kovu. Akasugua tena. Aliinama kabisa, kama mtu anayetafuta sindano. Halikutoka.

"Usijichoshe, mama," shangazi Ihsan akasema kutoka mlango wa jikoni. "Hiyo haisuguliwi. Na habari ikishatoka haisuguliwi."

"Shangazi, mimi sijaolewa."

"Heri ungekuwa umeolewa. Walioolewa nimekula arusi zao." Ihsan alikuja akasimama mbele yake, simu mkononi, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kukatika. "Unajua nina mabinti watatu ndani? Unajua mkubwa ana miaka mingapi? Wakija wa kuposa, unadhani wataulizia ya kwangu? Wataulizia ya mikono yako."

"Nitawaeleza."

"Utawaeleza nini, sanaa?" Akashusha sauti. "Sikiliza. Mkunga anakuja baada ya Alasiri. Atakutazama. Dakika moja. Ukiwa mzima, napiga vigelegele mimi mwenyewe mpaka ng'ambo ya mto wasikie, na kila mdomo utafungwa. Nakusaidia, mpumbavu we."

Sulafa hakuelewa mara moja. Halafu akaelewa. Akaona dengu zinamwagika kwenye sinia na kumbe ni yeye aliyeligonga.

"Haboba," akasema.

Haboba aliokota dengu. Hakuinua macho. "Ami yako amekubali," akasema. "Mimi nimesema nililosema, asubuhi. Hakunisikia."

"Na nikikataa?"

"Msafi hakatai," Ihsan akasema. Ndivyo wanavyosema wote, na hakuna neno linalofunga mlango kama hilo.

Ilikuwa Jumatano. Ijumaa yake wazee wa Mudathir walikuwa waje kusema neno la heri.

Huyu Mudathir alikuwa kijana wa mtaa wa pili, daktari wa mifugo kule bandarini Port Sudan. Alimwona Sulafa kwenye arusi ya binamu, amepanda kiti anapiga picha wapiga ngoma, tobe limemdondoka begani na hajui. Akamletea glasi ya maji ya ukwaju, akaishika glasi mpaka barafu ikayeyuka kwa sababu hakutaka kumkatiza. Sulafa alipoigeuza kamera upande wake alimkuta amesimama hivyo, na hakupiga picha. Alimtazama tu. Tangu siku ile walikuwa wameongea kwa simu mpaka masikio yakauma, na hawakuwa wamewahi kushikana hata kidole.

Sulafa alipokuwa bado anazikusanya dengu, alisikia sauti ya Mudathir langoni. Aliijua kabla haijamaliza salamu. Moyo ulimruka kwa furaha, kisha ukaanguka, maana Port Sudan si karibu, na mtu haji kutoka Port Sudan Jumatano kwa jambo la Ijumaa.

Haboba alimkaribisha mwenyewe. "Kaeni pale kwenye mitungi," akasema, "ninapowaona. Na wewe Ihsan nenda ukaangalie chungu, kinaungua."

"Hakuna chungu jikoni, mama."

"Basi kateleke."

Mitungi ya maji ilikaa kivulini, juu ya stendi ya chuma, inadondosha tone moja moja. Mudathir alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alitazama mikono ya Sulafa kabla ya uso. Sulafa aliona.

"Mama anasema Ijumaa hatuji," akasema.

"Na wewe?"

"Mimi si nimekuja leo?"

"Umekuja kuniposa au umekuja kunihoji?"

Mudathir alichota maji kwa kikombe cha bati, asinywe. "Picha niliipata kwa mama. Nilikuwa kazini. Nikamwambia mikono ya watu inafanana. Akaniambia tazama gumba. Sulafa, nimepanda lori, nimepanda basi, njia nzima najiambia atakuwa na jibu. Ana jibu."

"Ninalo."

"Lakini kwanza niambie jina lake. Sitamfanya kitu. Nataka tu kumjua."

Tone likaanguka. Likaanguka jingine.

"Unajua," Sulafa akasema polepole, "leo nimemwogopa ami yangu kutoka Bahri mpaka hapa. Lakini njia nzima nilikuwa na mtu mmoja kichwani. Nilisema hata wote wakigeuka, kuna mmoja atanitazama usoni. Na wewe umetazama gumba."

"Usinifanyie hivyo."

"Sina mtu, Mudathir." Akamweleza, haraka haraka, kwa sauti ya chini: Kaltuma, kitambaa kitupu, piko, kamera iliyojipiga yenyewe juu ya meza. Alipomaliza alikuwa anahema.

"Nakuamini," Mudathir akasema. Lakini ilichelewa kutoka, na ilitoka kama mtu anayekubali bei asiyoipenda.

"Huniamini."

"Nataka kukuamini! Nitamwambia nini mama? Nitawaambia nini wazee?" Akasogea karibu, macho yake mekundu. "Ihsan ameninong'oneza aliponipita kwamba kuna mkunga anakuja. Basi... dakika moja tu, Sulafa. Unafumba macho, inapita. Ijumaa tunakuja na vichwa juu. Wewe si unajijua?"

Sulafa alimtazama yule mtu aliyeshika glasi mpaka barafu ikayeyuka.

"Kazi yako ni kukagua kondoo kabla hawajapakiwa meli ya Jeddah," akasema. "Unawafunua mdomo, unawapiga muhuri. Mimi siendi Jeddah."

Mudathir akafungua kinywa, na wakati huohuo lango likagongwa.

Ami Babikir aliingia kutoka msikitini, fimbo mkononi, na nyuma yake mwanamke mnene mwenye tobe jeupe, amebeba kimkoba kidogo cha ngozi. Sura yake ilikuwa ya upole. Alisalimia watu wote, akauliza hali ya Haboba na magoti yake, akauliza kama mvua za mwaka huu ziliwafikia. Halafu, kwa sauti ile ile ya kuuliza mvua, akasema:

"Maji ya moto yapo?"

"Yapo," Ihsan akasema.

"Ingia chumbani, binti," Ami Babikir akasema. Hakumtazama. Alitazama ukuta.

Sulafa alishika stendi ya mitungi. Vidole vyake vilishika chuma vyenyewe, hakuviagiza. Aliusikia mlango wa chumba unafunguliwa, akaona ndani kitanda kimeshatandikwa shuka safi, na mtu alikuwa amefunga dirisha mchana mweupe. Hiyo shuka safi ndiyo iliyomtisha kuliko yote. Kuna mtu aliitandika akiwa anawaza mambo mengine, chakula cha jioni pengine. Ihsan alimshika mkono juu ya kiwiko, si kwa nguvu.

"Twende. Dakika moja."

"Mwacheni!"

Wote wakageuka. Mudathir alikuwa amedondosha kikombe. Uso wake umekuwa wa majivu.

"Mwacheni. Ni mimi. Mume ni mimi. Tumefunga ndoa Khartoum. Mkosaji ni mimi, msimguse."

Fimbo ya Ami Babikir ilimpata begani kabla hajamaliza. Ikampata tena. Hakujikinga. Haboba akapiga ukelele, dengu zikamwagika zote sasa, na mkunga akarudi nyuma mpaka ukutani, kimkoba amekikumbatia kifuani. Kisha fimbo ikasimama hewani. Babikir alikuwa anahema kama mtu aliyepakia lori peke yake, na uso wake, pole pole, ukaanza kubadilika. Sulafa aliyaona mabadiliko hayo, yakamshtua kuliko fimbo. Ami yake alikuwa anapata nafuu.

"Mashahidi nani?" akauliza.

"Rafiki zangu wawili."

"Wajinga wenzako. Na mahari?"

"Kidogo tu."

"Kidogo tu! Mtoto wa Babikir kwa kidogo tu!" Akakaa kwenye kitanda cha kamba, akajifuta uso kwa kilemba. "Mpumbavu. Nyumba yenu naijua, baba yako nimemzika kwa mikono yangu, ungekuja ungefukuzwa? Ijumaa. Ijumaa hiihii sheikh anakuja, tunafunga upya mbele ya watu. Tutasema vijana walikuwa na haraka. Watacheka mwezi mmoja, halafu watamcheka mwingine."

"Alhamdulillahi," Ihsan akasema, akaachia mkono wa Sulafa. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Si mngesema? Ee Mola. Si mngesema tu?"

"Basi mimi nipewe chai," mkunga akasema, akakaa.

Hivyo ndivyo mlango ulivyofunguka. Uani palikuwa na watu wanaocheka wakijifuta pua. Sulafa alisimama pale kwenye mitungi, akaona Ijumaa inakuja na kila kitu alichokiomba: Mudathir, nyumba ya Port Sudan, ami yake anapiga soga na wageni, hakuna shuka, hakuna dirisha lililofungwa. Hakutakiwa kufanya kitu. Alitakiwa kunyamaza tu, na kunyamaza ni kazi nyepesi kwa mtu aliyeogopa kiasi kile.

Akamtazama Mudathir ili amshukuru kwa macho. Na Mudathir alikuwa anamtazama, bega amelishika, anatabasamu kidogo, tabasamu la huzuni na wema. Sulafa alilisoma. Mtu aliyesema uongo kumwokoa mwenzake huwa na macho ya wizi. Haya hayakuwa ya wizi. Yalikuwa ya mtu aliyesamehe. Amenisamehe, akawaza. Atanioa, atanipenda, atanitunza, na kila nikichelewa sokoni atanisamehe tena.

"Anadanganya," akasema.

Hawakumsikia. Akasema tena.

"Ami, anadanganya. Hajanioa. Hajanigusa hata ncha ya kidole."

Kicheko kilikatika. Mkunga akakiweka chini kikombe alichokuwa amepokea.

"Sulafa," Mudathir akasema kwa sauti ya chini, "nyamaza. Nakuomba."

"Hakuna aliyenioa. Nimejichora mwenyewe kwa sababu kitambaa kilikuwa kitupu. Nilikosea, sikufikiri, nilipaswa kufikiri nyinyi mtaona nini. Hilo ndilo kosa langu, na nalikubali. Jingine sina."

Ihsan alijipiga paja. "Huyu kapagawa! Umepewa sitara, unaivua?"

Ami Babikir alisimama. Alikuja mpaka mbele yake, fimbo bado mkononi, karibu kiasi kwamba Sulafa alinusa vitunguu vya kanzu yake, harufu ya utoto wake wote.

"Unajua unachosema? Ukilikataa la huyu kijana, mkunga yule pale."

"Namwona."

"Basi utaingia."

"Siingii."

"Hutaki mume, hutaki mkunga. Unataka nini, binti?"

"Nataka uniamini. Ukiniingiza kwa nguvu utaniingiza, mimi sina nguvu. Atakwambia mzima. Utafurahi. Lakini kuanzia leo utakuwa umemlea msichana wa kutazamwa, na mimi nitakuwa nimelelewa na mtu nisiyemjua. Tukipita kwenye lile jiwe utawasomea nini wale?"

Kuku mmoja alikuja akaanza kudonoa dengu, na hakuna aliyemfukuza.

Ami Babikir alimtazama Sulafa. Alimtazama Mudathir pia, aliyekuwa ameinamisha kichwa. Aliposema, alisema kama mtu anayejisemea.

"Mwenye vitunguu vibovu, ukimwambia nakuchukulia gunia limefungwa hivyohivyo, hushukuru Mungu, akakimbia na pesa. Sijaona hata mmoja aliyekataa. Miaka yote hii sijaona." Akapumua. "Huyu kaambiwa gunia linachukuliwa limefungwa. Kasema hapana."

"Mimi si gunia, Ami."

"Najua si gunia! Lakini ndiyo hesabu niliyo nayo, sikusoma nyingine." Akamgeukia mkunga, sauti imepasuka. "Samahani kwa usumbufu, hajja. Hakuna mgonjwa hapa. Maliza chai yako, nitakurudisha kwako."

"Na watu, Babikir?" Ihsan akalia. "Na wanangu?"

"Watu watasema."

"Basi! Watu watasema, basi!"

"Basi," akasema. Akakaa chini, chini kabisa, juu ya udongo, kama aliyekatwa kamba, na Haboba akaweka kiganja juu ya kichwa chake.

Mudathir alimsubiri Sulafa langoni. Bega lilikuwa limeanza kuvimba ndani ya shati.

"Nilikupa jina langu," akasema. "Mbele ya fimbo."

"Nimeona. Sitasahau."

"Halafu ukanifanya mwongo mbele ya wote."

"Ulimpa jina lako msichana uliyemdhania kaharibika, ukamsitiri. Kazi nzuri. Lakini msichana huyo hayupo, Mudathir. Mimi ni mwingine, na mimi hukuniamini."

"Sasa nakuamini."

"Sasa hata mkunga ananiamini."

Alitaka kumshika lile bega. Mikono ile ile iliyomletea balaa ilitaka kwenda, na ilikuwa karibu, na hakuna aliyekuwa anatazama. "Nakupenda," Mudathir akasema, na Sulafa akasema, "Najua. Nenda." Kisha akafunga lango, akaegemeza mgongo, akawa anamsikiliza anavyosimama upande wa pili bila kuondoka, mpaka Haboba akaita nani anifukuzie huyu kuku.

*

Ijumaa hakuja mtu. Habari ilisemwa mwezi huo na miezi mingine iliyofuata, na wapo walioiamini na wapo wasioiamini. Maonyesho yalifungwa wiki ile kama yalivyopangwa. Sulafa alikosa muhula mmoja, akarudi, akamaliza na wenzake wa nyuma. Kaltuma alimaliza eda, akarudi kwenye kazi ya maarusi, na baadaye alihamia Gedaref kwa mwanawe. Mabinti wa Ihsan waliolewa wote watatu, wa mwisho kwanza. Ihsan mpaka leo husema kama angesikilizwa siku ile mambo yangekwisha kwa dakika moja.

Mudathir alirudi Port Sudan. Mwaka uliofuata alikuja na wazee wake, Ami Babikir akamwita Sulafa amwulize, Sulafa akakataa. Mwaka wa tatu alikuja peke yake, bila mama yake, akakaa uani siku nzima, akakubaliwa jioni. Mama yake hakuhudhuria arusi. Alikuja kumwona mjukuu wa pili.

Haboba alikufa usingizini, kabla ya vita. Vita vilipokuja ghala la vitunguu liliporwa, na Ami Babikir alihamia Port Sudan kwa Sulafa na Mudathir, chumba cha uani. Macho yalikuwa yameshamwisha. Alikaa nao karibu miaka miwili, analalamika joto na bei ya vitunguu. Alifia huko, asubuhi, na Sulafa ndiye aliyemfumba macho.